Ndege ya Mtu Mmoja: Roald Dahl, Shaaban Robert na Babu Yangu

Mwezi uliopita nilimaliza kusoma Going Solo ya Roald Dahl kwa mara ya tatu. Nilikuwa sokoni Lukozi, nimekaa juu ya gunia la viazi, nasubiri Fuso ijae tushuke Lushoto. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati, vijana wanapakia kabichi na karoti huku wakibishana na dalali kuhusu lumbesa. Mpwa wangu wa miaka 13 akachungulia jalada la kitabu, akaona ndege ya kivita.

"Mjomba, hii ina siti ngapi?"

"Moja."

"Moja tu? Sasa akipata shida huko juu anamwambia nani?"

Nilicheka, lakini lile swali nikashuka nalo mpaka Lushoto, kona baada ya kona. Nadhani ndilo swali la kitabu chenyewe. Na nadhani ndilo linaloeleza kwa nini watu bado wanazipenda ndege zile na marubani wake, ingawa vita vyenyewe vilikwisha mwaka 1945.

Wengi tunamjua Dahl kwa hadithi zake za watoto. Wachache wanajua kwamba alipokuwa kijana aliishi Dar es Salaam. Alikuja mwaka 1938 kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Vita vilipoanza mwaka uliofuata, aliendesha gari mpaka Nairobi akajiandikisha katika Jeshi la Anga la Uingereza. Alifundishwa kuruka juu ya mbuga za Kenya kwa ndege ndogo ya Tiger Moth, akipita juu ya twiga na tembo. Wanafunzi walikuwa 16. Anatuambia kwamba ndani ya miaka miwili 13 kati yao walikuwa wamekufa angani. Haombolezi, anaitaja idadi na kuendelea, na hapo ndipo msomaji anapoanza kumwamini.

Ndege yenyewe ni Hurricane. Iliruka kwa mara ya kwanza Novemba 1935, ikiwa na bunduki nane za rasharasha kwenye mabawa na injini ya Rolls-Royce, lakini nusu yake ya nyuma ilifunikwa kwa kitambaa tu. Katika mapambano ya anga ya Uingereza mwaka 1940, Hurricane zilikuwa nyingi kuliko Spitfire, ila sifa zilikwenda kwa Spitfire kwa sababu ya umbo lake. Mtu mwenye urefu wa karibu mita mbili kama Dahl alijikunja humo ndani kama kisu cha mfukoni. Aliporuka kutoka Misri kwenda Ugiriki, Aprili 1941, miguu ilikufa ganzi hadi ikabidi watu wamnyanyue kumtoa. Hapo ndipo akaambiwa kwamba Waingereza wana Hurricane zipatazo 15 nchi nzima, na upande wa pili Wajerumani wanakuja na mamia ya ndege.

Sura inayosimulia tarehe 20 Aprili, siku Hurricane 12 zilipopaa juu ya Athens, ni miongoni mwa kurasa bora nilizowahi kusoma kuhusu vita. Siku hiyo alikufa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye wengi humtaja kuwa rubani hodari kuliko wote wa Uingereza katika vita hivyo. Na Dahl anatuambia aliona nini? Karibu hakuona kitu. Ndege nyeusi zinapita mbele ya kioo, zinatoweka, nyingine zinakuja. Anabonyeza kitufe cha bunduki, anakwepa, anatua jasho likimtiririka. Yaani yule aliyekuwa juu kabisa, mahali ambapo tungedhani mtu anaona dunia nzima, ndiye aliyeona kidogo kuliko wote.

Sasa nirudi kwenye siti moja. Manowari ina mamia ya watu. Kifaru kina watu wanne au watano wanaogombana na kunusa jasho la mwenzao. Ndege kama Hurricane ina mtu mmoja. Akili moja, mkono mmoja, kosa moja. Ukitaka kuandika hadithi ya shujaa, chombo kimeshakuandalia umbo lake: mtu anapanda peke yake, anapambana peke yake, anarudi au harudi. Ndiyo maana hadithi za marubani hazichuji. Vita vile viliua mamilioni kwa makundi, lakini rubani anatupa nafasi ya kuviwazia kama shindano la mtu na mtu. Ni faraja, na kusema kweli ni udanganyifu kidogo. Hata ile Hurricane isingepaa bila mafundi waliolala chini ya mabawa yake.

Dahl mwenyewe aliujua udanganyifu huo, maana alianza nao. Makala yake ya kwanza iliyochapishwa Marekani mwaka 1942 ilibeba kichwa kinachosema kwamba alitunguliwa Libya. Hakutunguliwa. Septemba 1940 alipotea jangwani, mafuta yakaanza kuisha, giza likaingia, akajaribu kutua na ndege ikagonga jiwe. Alipasuka fuvu na kupoteza uwezo wa kuona kwa muda. Katika Going Solo, zaidi ya miaka 40 baadaye, anaisahihisha hadithi hiyo. Mimi hapo namheshimu. Kutunguliwa kuna sifa. Kupotea na kugonga jiwe hakuna.

Lakini kuna mahali ambapo kitabu kinanikwama kooni, nako ni kwetu. Ni sura ya Mdisho, Mnyamwezi aliyekuwa mtumishi wake Dar es Salaam. Mdisho anasikia vita vimeanza, anachukua upanga uliotundikwa ukutani kwa bwana wake, anakimbia usiku hadi kwa Mjerumani mwenye shamba la mkonge na kumkata kichwa. Anarudi kwa furaha. Dahl anamweleza kwamba sheria ya Mzungu ingeliita jambo hilo mauaji, kisha anamfichia siri na kumzawadia upanga.

Mimi siamini kama kisa hicho kilitokea, na sidhani niko peke yangu. Ila tatizo langu si ukweli wake. Sisi wa Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, tunajua kwamba mwaka 1939 Wajerumani wa mashambani na wa misheni walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Hilo lilifanyika kwa amri na karatasi. Ndani ya kitabu hichohicho kuna askari weusi wa KAR wanaomsaidia Dahl kuwakusanya Wajerumani wa Dar, na mmoja wao ndiye anayefyatua risasi Mjerumani anapomwelekezea Dahl bastola. Wale ni askari wa kweli wa vita vile. Lakini wanapita haraka, hatuwajui hata majina. Anayepewa jina na sura nzima ni Mdisho, na sura hiyo ni ngano: upanga, usiku, kichwa. Dahl anajipa haki ya kuogopa, kukosea na kujisahihisha. Mdisho hapewi haki hiyo. Siti ni moja, na mwandishi amekwisha kuikalia.

Nikakimbilia kwa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, karani wa serikali ya kikoloni ambaye hakuwahi kurusha ndege. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Ni beti 3,000 za kuanzia 1939 hadi 1945. Hapa mambo yanageuka kabisa. Karani aliyekaa Tanganyika akipokea habari za vita kutoka mbali ndiye anayeiona dunia yote kutoka juu: mataifa, wakuu wao, nchi zinavyoanguka na kuinuka. Jina lenyewe lina uchungu wake, kwa maana aliviita vita vya uhuru akiwa raia wa nchi isiyo huru. Hata hivyo, utenzi ule unatazama kwa mbali mno. Una kila kitu isipokuwa jasho la mtu mmoja.

Hapo nikamkumbuka babu mzaa mama. Alikuwa askari wa Keya, kama wazee walivyoiita KAR, na alifika Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua za masika ya kule, matope hadi magotini, malaria kila kona, na chakula kilidondoshwa kutoka angani. Babu hakuwahi kutusimulia ndege inayopigana. Kwake ndege ilikuwa mchele. Alisema walijifunza kuijua kwa mlio kabla haijatokea, na siku ilipokosa njia kwa sababu ya mawingu, walilala na njaa. Mpaka anakufa, alikuwa akisikia mlio wa ndege juu ya Lukozi anasimama shambani na kutazama juu, jembe mkononi. Sisi watoto tulimcheka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Going Solo ni kitabu kizuri, kisome. Dahl ni mkweli kuliko marubani wengi kuhusu jinsi siti moja inavyopunguza macho. Lakini usikisome peke yake. Kisome pamoja na utenzi wa Shaaban Robert, na ujue kwamba katikati ya viwili hivyo kuna kitabu cha tatu ambacho hatunacho: cha waliotembea kwa miguu chini ya ndege hizo.

Inaniuma kwamba naweza kukutajia ilikuwa tarehe ngapi Hurricane 12 zilipopaa juu ya Athens, lakini sijui babu yangu aliingia Burma mwezi gani. Nilimuuliza mama wiki iliyopita. Anakumbuka mambo machache: koti zito, wimbo mmoja, jina la rafiki aliyebaki kule. Nimeyaandika kwenye daftari la mpwa wangu. Kama kwenu kuna mtu anayekumbuka, muulize leo, usisubiri sikukuu.