Shajara Mbele ya Kamera: Mgawanyiko wa Wahakiki Kuhusu Bridget Jones's Diary

Utangulizi

Riwaya inapogeuzwa kuwa filamu, swali la kwanza ambalo wahakiki huuliza ni iwapo filamu imekuwa aminifu kwa kitabu. Swali hilo si baya, ila halitoshi. Mhakiki anayeishia hapo huorodhesha matukio yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha akatoa hukumu mithili ya karani wa ghala anayehesabu magunia. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba lipo swali la msingi zaidi: ni nani anayesimulia, na usimulizi huo unapobadilika, maana ya tukio lile lile hubadilika vipi?

Mfano tulioteua ni Bridget Jones's Diary, ramsa ya mapenzi kutoka Uingereza iliyotolewa mwaka 2001. Filamu hii ilipendwa mno na watazamaji, lakini wahakiki na wasomaji wa riwaya wamegawanyika kuihusu tangu hapo. Tutapitia mivutano mitatu mikuu, kisha tudai kwamba yote mitatu ina mzizi mmoja, yaani kuhama kwa hadithi kutoka kwenye shajara hadi mbele ya kamera.

Usuli wa riwaya na filamu

Mhusika Bridget Jones alizaliwa gazetini. Helen Fielding alianza kumwandika katika safu ya gazeti la The Independent mwaka 1995, na riwaya ikachapishwa mwaka 1996. Bridget ni mwanamke wa London aliyevuka umri wa miaka thelathini na hajaolewa. Kila siku anafungua shajara yake kwa hesabu: uzito wake, kiasi cha pombe alichokunywa, sigara alizovuta na kalori alizokula. Kisha anasimulia masaibu yake kazini, nyumbani kwa wazazi wake na katika mapenzi. Wanaume wawili wanamzonga moyoni: Daniel Cleaver, bosi wake mwenye maneno matamu, na Mark Darcy, wakili anayeonekana mwenye majivuno.

Msomaji wa fasihi ya Kiingereza atatambua jina la Darcy mara moja. Fielding aliuazima mhimili wa riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, iliyochapishwa mwaka 1813. Huu ni mfano mzuri wa mwingiliano matini. Mwingiliano huo uliendelea hadi kwenye filamu. Mwaka 1995 BBC ilionyesha tamthilia ya televisheni iliyotokana na riwaya ya Austen, na Colin Firth akaigiza kama Bwana Darcy. Bridget wa riwayani ni mmoja wa waliotekwa na tamthilia hiyo. Filamu ya 2001 ilipotengenezwa, mwigizaji aliyepewa nafasi ya Mark Darcy ni Firth huyo huyo. Mswada wa filamu uliandikwa na Fielding mwenyewe, Richard Curtis, na Andrew Davies, ambaye ndiye aliyekuwa ameandika mswada wa tamthilia ya BBC. Mwelekezi alikuwa Sharon Maguire, rafiki wa Fielding ambaye inajulikana kuwa ndiye kielelezo cha Shazzer, mmoja wa marafiki wa Bridget.

Mvutano wa kwanza: mwigizaji mkuu

Malalamiko ya kwanza yalitokea kabla filamu haijaonyeshwa. Renée Zellweger, mzaliwa wa jimbo la Texas nchini Marekani, alikuwa ameteuliwa kumwigiza Bridget. Vyombo vya habari vya Uingereza vilihoji iweje Mmarekani apewe mhusika ambaye lafudhi na mzaha wake vimefungamana na London. Filamu ilipotoka, wengi waliolalamika walikiri kwamba lafudhi yake ilikuwa safi, na Zellweger akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Mvutano huu ulizimika haraka, na ni rahisi kuudharau. Hata hivyo, unatuelekeza kwenye jambo muhimu. Ili amwigize Bridget, Zellweger aliongeza uzito, na uzito huo ukazungumzwa magazetini kuliko uigizaji wenyewe. Kwa nini? Tutalirejelea swali hili.

Mvutano wa pili: msuko

Mashabiki wa riwaya wanashikilia kwamba filamu imeunyofoa uti wa mgongo wa hadithi. Katika riwaya, mama yake Bridget anamwacha mumewe na kuandamana na Julio, Mreno anayebainika kuwa tapeli. Mark Darcy ndiye anayemfuatilia tapeli huyo na kuiokoa familia. Tukio hili ni mwangwi wa Darcy wa Austen, anayeiokoa familia ya Elizabeth kutokana na aibu. Katika filamu, Julio ameondolewa. Mahali pake pamechukuliwa na Julian, muuzaji wa vito kwenye televisheni, na mama anarudi nyumbani bila kuokolewa na mtu.

Wanaoilaumu filamu husema kwamba mapenzi ya Mark yamebaki bila kitendo cha kuyathibitisha. Badala ya kazi ya subira ya kumsaka mhalifu, tunapewa wanaume wawili wanaopigana ngumi barabarani na kuvunja vyombo ndani ya mkahawa. Wanaoitetea hujibu kwamba filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba matukio ya mwaka mzima, na kwamba pigano lenyewe ni kejeli: mabwana hao wawili waliosoma vyuo vya kifahari hawajui kupigana.

Pande zote mbili zina hoja. Hata hivyo, hoja hizi bado ni za kuhesabu magunia. Kuachwa kwa Julio kunapunguza uzito wa Mark, lakini hakuelezi kwa nini tunacheka tofauti tunapotazama na tunaposoma.

Mvutano wa tatu: taswira ya mwanamke

Huu ndio mvutano mkali zaidi. Mwaka 2001, mwaka ule ule wa filamu, waandishi wawili wakongwe, Beryl Bainbridge na Doris Lessing, walizikosoa hadharani riwaya za aina hii. Bainbridge aliziona kuwa povu tupu. Lessing, aliyelelewa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe na ambaye baadaye, mwaka 2007, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, alisikitika kwamba wanawake vijana wanaandika kuhusu wasichana wasiojiweza, walevi, wanaohangaikia uzito wao, badala ya kuandika maisha yao jinsi wanavyoyaona kwa hakika.

Lawama hii haifai kupuuzwa. Bridget ana kazi, nyumba na marafiki wa dhati, lakini anajipima kwa mizani na kwa simu ambayo haikupigwa. Kundi la pili la wahakiki linasema kwamba hiyo ndiyo tashtiti yenyewe. Fielding haisifu mizani, anaicheka. Anaonyesha jinsi magazeti, matangazo na maswali ya shangazi kuhusu ndoa yanavyoingia akilini mwa mwanamke mwenye akili timamu hadi akaanza kujisumbua mwenyewe.

Nani mkweli? Jibu linategemea iwapo unazungumzia riwaya au filamu. Hapa ndipo wahakiki wengi huchanganya mambo, kwani huzihukumu kazi mbili kama kwamba ni moja.

Kiini cha mgogoro: shajara

Katika riwaya, yote tunayoyajua kumhusu Bridget yametoka kwenye kalamu yake. Yeye ni msimulizi wa nafsi ya kwanza, na tena ni msimulizi asiyeaminika kikamilifu. Anapoandika kwamba amenenepa kupindukia, hatuna jicho lingine la kuthibitisha. Tunachokiona ni tarakimu, na tarakimu zinamsuta: mwanzoni mwa mwaka ana uzito wa takriban kilo 58, ambao kwa mtu mzima ni wa kawaida kabisa. Kinaya kimo katika pengo lililopo kati ya hesabu na kilio.

Fielding anaupigilia ujumbe huu msumari katika tukio ambalo kila mhakiki wa riwaya anapaswa kulitaja. Baada ya miaka ya kujinyima, Bridget anaufikia uzito aliouota. Anakwenda kwenye karamu akitarajia sifa, lakini watu wanamuuliza kama anaugua. Rafiki yake Tom anamwambia kwamba alipendeza zaidi awali. Mwishoni mwa riwaya anajumlisha hesabu za mwaka: uzito alioongeza na uzito aliopunguza unakaribia kulingana. Jasho lote lile limeambulia patupu. Msomaji aliyezisoma kurasa hizi hawezi kusema kwamba riwaya inaitukuza mizani.

Tukio hilo la karamu halimo katika filamu. Tena, kamera haiwezi kuacha mwili wa mhusika katika hali ya utata. Lazima mwigizaji awe na umbo, na umbo hilo lionekane. Ndiyo sababu uzito wa Zellweger ukawa habari. Dai ambalo riwayani lilikuwa hofu ya Bridget limekuwa filamuni jambo ambalo mtazamaji anaalikwa kulikagua. Kinaya kimepungua, na aliyekuwa akijicheka sasa anachekwa.

Tuchukue tukio moja lililomo katika kazi zote mbili. Bridget, akiwa mtangazaji wa televisheni, anatumwa kwenye kituo cha wazimamoto ateleze kwenye nguzo mbele ya watazamaji. Mambo yanaharibika. Katika riwaya, anatusimulia aibu hiyo baada ya kutokea. Amekwisha kuumia, lakini yeye ndiye anayechagua maneno, na anayesimulia aibu yake kwa ucheshi ameanza kuishinda. Katika filamu, kamera imewekwa chini ya nguzo, na makalio ya Bridget yanajaa kwenye skrini. Kicheko ni kikubwa zaidi, lakini hakimilikiwi tena na Bridget.

Mtu anaweza kupinga kwamba filamu imehifadhi sauti ya Bridget, kwani tunaisikia ikisimulia juu ya picha na kuyaona maandishi ya shajara. Ni kweli, na sauti hiyo inasaidia. Lakini sauti inashindana na picha, na mara nyingi mtazamaji huiamini picha.

Filamu ilivyojitetea

Ingekuwa dhuluma kukomea hapo. Waandishi wa mswada walilijua tatizo hili na wakalitafutia dawa. Kwanza, jukumu alilokuwa nalo Tom walimpa Mark, anapomwambia Bridget kwamba anampenda jinsi alivyo. Kauli hiyo ndiyo kitovu cha filamu, na ndiyo iliyowagusa watazamaji wengi. Hata hivyo, gharama yake ionekane: katika riwaya, upumbavu wa mizani unafichuliwa na rafiki na kwa hesabu za Bridget mwenyewe, katika filamu, mwanamke anasubiri hukumu ya mwanamume anayempenda.

Pili, na hili ndilo lenye ustadi zaidi, filamu imeigeuza shajara kuwa kitu ndani ya hadithi. Katika riwaya, msomaji wa shajara ni sisi. Mwishoni mwa filamu, Mark anaifungua na kusoma mambo mabaya aliyoandikiwa humo. Anatoka nje. Bridget anamkimbilia kwenye theluji akiwa na nguo za ndani tu, akijitetea kwamba yanayoandikwa kwenye shajara si ya kuaminiwa. Kumbe Mark alikwenda kumnunulia shajara mpya. Hapa filamu imetamka wazi kile ambacho riwaya ilitufanya tukigundue wenyewe: kwamba msimulizi wa shajara haaminiki, na kwamba anastahili ukurasa mweupe wa kuanza upya.

Funzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Vikundi vya maigizo huzuru shule zetu na kuigiza vitabu teule, na kazi hiyo huchangamsha wanafunzi. Lakini mtahiniwa akiingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na kumbukumbu ya jukwaa badala ya kitabu, ataeleza kicheko cha mwigizaji ambacho mwandishi hakukiandika, au atasahau maneno ya msimulizi ambayo hayakuweza kuigizwa. Vilevile atashindwa kujibu swali la mtindo, kwa sababu nafsi ya usimulizi haionekani jukwaani.

Mwalimu anaweza kulitumia tofauti hii kama zana badala ya kuilalamikia. Wanafunzi wanajua shajara kutokana na somo la uandishi. Waambie waandike tukio moja la aibu kama shajara, kisha waliandike upya kama onyesho la mchezo. Wataona wenyewe kile kinachopotea na kile kinachopatikana.

Hitimisho

Filamu ya Bridget Jones's Diary haikuisaliti riwaya, wala haikuitumikia kikamilifu. Imeifanya hadithi iwe nyepesi na yenye joto, na imezaa filamu nyingine tatu, mwaka 2004, 2016 na 2025. Lakini lawama ya Lessing na wenzake inaielemea filamu kuliko riwaya, kwa kuwa kamera ilimnyang'anya Bridget kalamu. Mhakiki anayetaka kumtendea haki Fielding hana budi kurudi kitabuni na kuzisoma zile hesabu.

Maswali ya mjadala

1. "Msimulizi wa nafsi ya kwanza hujificha kadiri anavyojifichua." Jadili kauli hii kwa kurejelea kitabu teule chochote.
2. Eleza tofauti kati ya kumcheka mhusika na kucheka pamoja naye. Toa mifano.
3. Teua tukio moja katika riwaya unayoisoma. Fafanua mabadiliko ambayo yangehitajika ili liigizwe jukwaani, na athari zake kwa maudhui.