Uso Uliosema Bila Sauti

Msomaji, usidhani kwamba mwigizaji wa sinema isiyo na sauti hana budi kurusharusha mikono. Mtazame Sessue Hayakawa, Mjapani aliyeigiza Marekani, katika filamu ya The Cheat ya mwaka 1915. Wenzake wahangaika kwa ishara. Yeye ametulia, na utulivu wake watisha kuliko ukali wao. Lakini sifa hiyo ilikuwa na sumu ndani yake. Alimwigiza tajiri mwovu, na Wajapani walioishi huko walichukizwa kuona taifa lao likivunjiwa heshima. Hakukaa akilalama: mwaka 1918 aliunda kampuni yake mwenyewe, apate kuigiza watu wenye utu. Basi umpimapo msanii, usiutazame ustadi wake tu. Uliza pia wamtumikia nani.