Dadu Likikataa, Kosa Ni la Nani?

Katika michezo ya video ya kuigiza wahusika kuna tabia moja ambayo wachezaji wengi wanayo. Unataka kumshawishi mlinzi afungue lango, mchezo unarusha dadu, dadu linakataa. Basi unarudi kwenye hali uliyoihifadhi kabla ya kumsemesha na kujaribu upya, hata mara tano, mpaka akubali. Hesabu inaonyesha uzito wa jambo hili. Jaribio lenye nafasi ya asilimia 30 likirudiwa mara tatu, uwezekano wa kufaulu walau mara moja unakaribia asilimia 66. Likirudiwa mara kumi, asilimia 97. Pointi ulizomwongezea mhusika wako tangu mwanzo hazipimi kitu tena, isipokuwa subira yako. Wengi humlaumu mchezaji. Mimi nadhani lawama imwendee zaidi yule aliyetunga jaribio bila kutunga matokeo ya kushindwa.

Chukua Fallout 3 ya mwaka 2008. Maneno ya kushawishi yanaandikwa pamoja na asilimia ya kufaulu, na ukishindwa, mara nyingi unayezungumza naye anakataa tu na njia inafungwa. Kushindwa hakukupi chochote cha kuona, kwa hiyo kurudi nyuma ndiyo akili. Miaka miwili baadaye, studio ya Obsidian iliondoa bahati kabisa kwenye mazungumzo ya Fallout: New Vegas: mchezo unakuonyesha kiwango kinachohitajika, unacho au huna. Kurudia kukakosa maana, lakini wasiwasi nao ukaondoka, na mazungumzo yakafanana na kulipa bei iliyobandikwa dukani.

Disco Elysium, iliyotolewa na ZA/UM mwaka 2019, ilibakiza dadu na kulishughulikia upande mwingine. Madadu mawili yanarushwa, jumla inaongezwa kwenye kiwango cha ujuzi; sita mbili hufaulu daima, moja mbili hushindwa daima. Majaribio meupe yanafungwa ukishindwa, kisha yanafunguka tena ukiongeza pointi kwenye ujuzi ule au ukigundua jambo linalobadili hali. Mekundu ni mara moja tu. Lakini utaratibu huu peke yake usingemzuia mtu kurudi nyuma, kwa sababu mchezo unaruhusu kuhifadhi karibu wakati wowote. Kinachomzuia ni maandishi. Mpelelezi unayemwongoza akishindwa kuimba vizuri kwenye karaoke ya hoteli, wimbo wenyewe upo, umerekodiwa kwa sauti ya kukwaruza inayotia huruma na kicheko kwa pamoja. Akijaribu kumkimbia meneja wa hoteli hiyo bila kulipa deni na dadu likakataa, anaishia kumgonga bibi aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Mhusika huyu ni mlevi aliyepoteza kumbukumbu. Kushindwa kunamfaa, wakati mwingine kuliko ushindi. Mchezaji anasonga mbele kwa hiari kwa kuwa anataka kuona aibu hiyo itamfikisha wapi.

Wapo wanaosema dawa ni kufuli, yaani kumfungia mchezaji njia ya kurudia. XCOM: Enemy Unknown ya 2012, ingawa ni mchezo wa vita, ilijaribu: ukirudi nyuma na kupiga risasi ileile, unapata matokeo yaleyale, maana namba zimekwisha kupangwa. Wachezaji wakagundua kwamba wakibadili mpangilio wa hatua, askari mwingine akitangulia kupiga, matokeo nayo yanabadilika. Baldur's Gate 3 iliongeza mwishoni mwa mwaka 2023 hali ya uchezaji iitwayo Honour, yenye hifadhi moja tu inayoandikwa juu ya ile ya zamani. Hiyo ni hiari, na kwa hiari inafaa. Ila kuifanya sheria kwa wote ni kusahau kazi ya kwanza ya kuhifadhi. Hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, umeme unaweza kukatika katikati ya mapambano. Anayehifadhi kila baada ya dakika chache haibi bahati, anajilinda na giza. Mbunifu anayepunguza nafasi za kuhifadhi ili awabane wadanganyifu anambana kwanza huyu, na mdanganyifu mwenye umeme wa uhakika ataendelea kutafuta mwanya.

Pingamizi jingine lina nguvu zaidi: mchezo ni wa mtu na muda wake, hakuna mpinzani anayeumia kama kwenye dama, basi kuna ubaya gani? Hakuna ubaya wowote, na simwiti mwizi. Lakini anayerudia mara kumi ameshatoa hukumu juu ya mchezo: amesema nusu ya matokeo yake hayastahili kutazamwa. Mara nyingi yuko sahihi.

Wabunifu watajibu kwamba kuandika kushindwa ni gharama, na ni kweli. Kila jaribio linadai tukio la pili, sauti ya pili, siku nyingine za kazi. Ndiyo maana si kila kitu kinastahili dadu. Katika Baldur's Gate 3 ukishindwa kufungua kasha, kifaa chako cha kufungulia kinavunjika, unatoa kingine, unajaribu tena. Dadu lake la pande ishirini likitoa moja, jaribio linaweza kushindwa hata kwa mwenye ujuzi mkubwa, yaani mara moja katika ishirini, na kinachofuata ni kifaa kingine kuvunjika. Kwa mjuzi huyo kasha lingefunguka tu bila dadu, na siku zilizookolewa zikatumika kumwandikia yule mlinzi wa lango jibu jingine, badala ya kukataa tu.