Majina ya Kazi za Zamani katika Hati za Ukoo

Wako watu wengi siku hizi wanaofungua madaftari ya ubatizo, hati za mirathi na karatasi za wazee wao ili kupata habari za ukoo. Kazi hiyo twaisifu. Lakini twaona ya kwamba wengi wao, wakikuta jina la kazi ya zamani, hulifasiri kwa maana ya leo na kupita. Na hapo ndipo babu anapogeuzwa kuwa mtu mwingine.

Tulitazame neno kibarua. Leo ni mtu wa kazi ya kutwa, apokeaye ujira wake mwenyewe. Asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi, akakirudisha alipolipwa. Asili hiyo wengi waijua. Wasilolifikiri ni kwamba katika karne ya 19 vibarua wengi wa mji wa Unguja walikuwa watumwa waliotolewa na bwana zao kwenda kufanya kazi, na sehemu ya ujira ikarudi kwa bwana. Basi mtu akisoma hati ya kabla ya 1897, mwaka ambao sheria ya Unguja iliacha kuutambua utumwa, akaona babu yake ameandikwa kibarua, asiharakishe kusema alikuwa mtu huru. Wala asikate shauri kuwa alikuwa mtumwa. Neno peke yake halitoshi. Na atazame kama pametajwa bwana wake, maana hapo ndipo penye ushahidi.

Katika mashamba ya karafuu kosa hili lina ubaya zaidi. Nokoa alikuwa mkubwa wa watumwa wa shamba, na kadamu alikuwa msaidizi wake. Nao kwa kawaida walikuwa watumwa vilevile. Msimamizi, aliyekuwa juu yao, mara nyingi alikuwa mtu huru. Anakiliye “msimamizi” mahali palipoandikwa “nokoa” amefuta kwa kalamu moja mpaka uliokuwa kati ya watu hawa maisha yao yote.

Mpagazi ametendewa kinyume. Husomwa kama mtu mnyonge, mnyama wa mizigo. Lakini wapagazi wengi wa misafara ya pwani na bara, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliopatana ujira na posho, na safari ya pwani kwao ilikuwa fahari ya kijana. Ila mwaka nao una neno lake: mpagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 yamkini alikamatwa kwa nguvu, na jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam lingali lakumbusha kikosi cha wapagazi wale. Neno ni lile lile. Mtu siye yule.

Akida ndiye mgumu kuliko wote. Zamani alikuwa mkubwa wa askari. Wadachi walipotawala wakamfanya mtumishi wa serikali, mwenye kusimamia majumbe na kukusanya kodi, na chuki juu ya maakida ni moja ya sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905. Mjukuu akijivunia akida wa ukoo wake, au akimwonea haya, kwanza aulize ni akida wa mwaka gani.

Makamusi yetu husaidia, lakini husomwa vibaya. Watu huchukua kamusi ya Johnson ya 1939, iliyojengwa juu ya ile ya Madan ya 1903, wakaitumia kwa hati za kila zama. Kwa hati za kale afadhali kuanza na Krapf. Kamusi yake ilitoka 1882, naye alifika Mombasa 1844, kwa hiyo aliyasikia maneno haya wakati kazi zenyewe zilipokuwa zikifanywa. Tahajia yake inachosha, nasi hatumlaumu msomaji akinung’unika. Lakini avumilie, kisha ashuke kwa Madan, na Johnson awe wa mwisho.