Pongezi kwa Watunzi wa Mapenzi

Mtaa wa Yide Lu, Guangzhou, unanuka kamba na samaki wakavu. Maduka ya jumla yamebanana, wanasesere na madaftari yakipangwa hadi mlangoni, na juu yake imesimama minara ya Kanisa la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe matupu kati ya 1863 na 1888. Hapo nilinunua madaftari ya kuandikia riwaya yangu ya mapenzi, nikamkumbuka mwandishi Ben Mtobwa.

Wengi humjua kwa riwaya za mpelelezi wake, Joram Kiango. Lakini mwondoe mpenzi wake Nuru ubavuni mwa Joram, uone kinachobaki: risasi na mbio tu. Mtobwa hakukubali kufungwa katika fungu moja la riwaya. Katika Dar es Salaam Usiku aliacha bastola, akageukia mapenzi na pesa za mjini, tena akachapisha vitabu kupitia kampuni yake mwenyewe, Heko.

Kazi hii ya kuandika mapenzi huitwa nyepesi. Mimi naujua uzito wake. Katika upelelezi, maiti humshtua msomaji ukurasa wa kwanza; wapendanao wawili lazima uwajenge polepole, kwa barua iliyochelewa, kwa chai iliyopoa mezani. Hongereni nyote mliochagua fungu hili.