Juu ya Alama ya Jumla na Jinsi Inavyofundishwa

Katika hesabu za juu wanazosoma vijana wetu wa kidato cha tano na cha sita iko alama ifananayo na herufi S iliyonyoshwa. Aliiandika kwanza Leibniz, Mjerumani, mwaka 1675, akifupisha neno la Kilatini lenye maana ya jumla. Huitwa alama ya integrali. Alama yenyewe twaisifu, maana imebeba asili yake. Bali mafundisho yake twayalaumu.

Aghalabu kijana huambiwa kwamba integrali ni kinyume tu cha hesabu ya kutafuta kasi ya mabadiliko. Hukariri kanuni, hupata jibu, wala hajui amejumlisha nini. Akipewa jumla ndefu atafute kikomo chake, husema: "Kila sehemu yakaribia sifuri, basi na jumla ni sifuri." Amesahau kuwa sehemu zikipungua ukubwa, idadi yake huongezeka.

Tutwae mfano wa shamba lililo ufukoni mwa ziwa, hapa Mwanza. Upande wake mmoja ni mstari mnyofu wa hatua 100. Umbali kutoka mstari huo hadi majini huanza na sifuri, ukaongezeka kwa kadiri ya mraba wa mwendo, hata mwisho ukafika hatua 100. Tukilikata vipande 10 vyenye upana sawa, na kila kipande tukakipima kwa urefu wake mkubwa, twapata hatua za mraba 3,850. Kwa urefu wake mdogo, 2,850. Warithi wangeweza kugombana juu ya hizo elfu moja! Lakini tukikata vipande 100, twapata 3,383½ na 3,283½. Kadiri vipande vinavyozidi, hesabu hizo mbili hukaribiana, na namba iliyo katikati yao siku zote ni moja tu, 3,333⅓. Hiyo ndiyo kikomo cha jumla, na hiyo ndiyo integrali.

Kanuni ya kukariri hutoa namba ileile upesi, wala hatusemi itupwe. Na mwalimu ahimizwaye na mtihani hatumshangai. Lakini vipande vitangulie, kanuni ifuate. Kijana aliyekata shamba kwa mkono wake, akikuta jumla ngeni, atatafuta ndani yake upana wa kipande na urefu wake. Akivitambua, ameiona integrali. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti mtu ajue kibaba ni kipi.