Rimedio isikae mlangoni: somo la CUNY kwa vyuo vya Songwe

Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, takriban robo tu ya watahiniwa nchini walifaulu Hisabati, ingawa alama ya D huanzia 30 tu. Vijana wasiofaulu ndio wanaojaza madarasa ya astashahada katika vyuo vya kati, maana kozi nyingi huwadahili kwa ufaulu wa masomo mengine. Mkufunzi wa uhasibu au forodha, awe Vwawa au Tunduma, anarithi pengo ambalo hakulitengeneza yeye. Je, alizibe kabla ya kuanza kozi yenyewe au ndani yake?

Mazoea yanasema kabla: mwanachuo asome kwanza rimedio ya aljebra, yaani kozi ya kuziba pengo, akifaulu ndipo aruhusiwe kuendelea. Tulipigie hesabu wazo hilo. Tuseme kuna hatua tatu, mbili za rimedio na moja ya kozi halisi, na kila hatua wanafaulu 7 kati ya 10. Hayo si matokeo mabaya. Lakini 0.7 × 0.7 × 0.7 ni 0.343: kati ya wanachuo 100, wanaofika mwisho ni 34. Na hapo hatujahesabu wanaofaulu hatua moja kisha wasijisajili inayofuata kwa sababu ya ada, ujauzito au kazi. Hata ufundishaji uwe mzuri kiasi gani, wingi wa hatua wenyewe unapoteza watu.

Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, kililipima jambo hili katika vyuo vyake vitatu vya jamii. Alexandra Logue na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu wanafunzi waliopangiwa rimedio. Zaidi ya 700 walishiriki. Kundi la kwanza lilisoma aljebra ya awali. La pili lilisoma aljebra hiyo pamoja na saa mbili za mazoezi kila wiki. La tatu halikusoma rimedio kabisa: liliingia moja kwa moja kwenye kozi ya takwimu ya ngazi ya chuo, likiwa na saa zile zile mbili za mazoezi. Kila mwalimu alifundisha darasa moja la kila aina, ili tofauti ya matokeo isitokane na ubora wa mwalimu.

Kundi la aljebra peke yake lilifaulu kwa asilimia 39, la aljebra na mazoezi asilimia 45, na la takwimu asilimia 56. Waliohesabiwa kuwa hawako tayari walifaulu zaidi katika kozi ya juu. Miaka mitatu baadaye, asilimia 25 ya kundi la takwimu walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 17 ya kundi la kwanza.

Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja. Msaada ulihamia ndani ya kozi, na hisabati iliyofundishwa ikawa ile inayohitajika katika fani ya mwanafunzi. Wakazi wa Tunduma wanaujua mpango wa namna hii. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019 hakikufuta ukaguzi wa magari. Kiliuweka mahali pamoja, upande wa nchi ambako gari linaingia.

Sasa tuchukue darasa la forodha. Mzigo una thamani ya shilingi 10,000,000, ushuru ni asilimia 25 na VAT asilimia 18; tozo nyingine tuziache. Mwanachuo dhaifu hujumlisha 25 na 18, akapata asilimia 43, yaani shilingi 4,300,000. Kumbe VAT hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru: asilimia 18 ya 12,500,000 ni 2,250,000. Ukiongeza ushuru wa 2,500,000, jumla ni 4,750,000. Kosa la asilimia juu ya asilimia limeacha pengo la shilingi 450,000, na wiki ya somo hilo ndiyo ya kufundisha asilimia, wakati mwanachuo anaona zinavyomgusa mteja wake. Angefundishwa miezi sita kabla, bila mzigo wala tamko la forodha, zingekuwa zimeshamtoka.

Mpango huu una mipaka. Fundi umeme na mhandisi hawawezi kuikwepa aljebra; kwao kinachohama ni wakati wa kufundishwa, maudhui yanabaki. Tena saa za mazoezi haziwi hiari. Zikiwekwa kwa wanaojisikia, watakuja wasiozihitaji na wenye shida watajificha.

Chuo kinachotaka kujaribu hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji saa mbili kwenye ratiba, mwanachuo wa mwaka wa juu aliyefaulu kozi hiyo aongoze mazoezi, na mkufunzi mmoja afundishe mikondo miwili, mmoja kwa utaratibu wa zamani na mwingine kwa mpya. Mikondo yote miwili ikishamaliza, kihesabu waliofaulu kozi halisi kati ya wote walioanza. Wanaohesabu waliofaulu rimedio tu hawawaoni waliopotea njiani.